Sinia la Saa Nne: Vitafunio vya Kazini na Siha ya Wafanyakazi

Saa nne ya asubuhi ina hadhi yake katika maofisi, viwanda, shule na maduka ya Afrika Mashariki. Watu ambao tangu alfajiri walikuwa wamebanana ndani ya mabasi, wakafika kazini wengine wao bila ya kufungua kinywa, wakainamia karatasi, cherehani au kompyuta kwa muda wa saa mbili na zaidi, huinuka wakati huo bila ya kuamrishwa na mtu, wakaelekea palipo na chupa ya chai. Hakuna mkuu wa idara, hata awe mkali wa namna gani, athubutuye kuuzuia mwendo huo. Katika dakika hizo chache habari za misiba na harusi hupashwa, madeni madogo hulipwa, na ugomvi wa jana kati ya masijala na uhasibu hupata wasaa wa kupoa. Ada hii ni njema, wala makala haya hayakusudii kuitia ila. Kusudi lake ni kukitazama kile kilichomo katika sinia.

Aghalabu sinia hilo huwa na maandazi yaliyorundikwa, chapati zilizokunjwa mara nne, sambusa na vitumbua, na kwa watu wa Mombasa, mahamri. Karatasi iliyotandazwa chini yake huwa imelowa mafuta hata maandishi ya upande wa pili yakasomeka. Chai huja ndani ya chupa ikiwa imekwisha kutiwa maziwa na sukari huko jikoni, kwa kipimo cha mpishi, na kando ya chupa huwekwa tena bakuli la sukari kwa ajili ya wale wanaoona kuwa kipimo cha mpishi hakikutosha. Siku ya mkutano, au siku ya kumuaga mwenzao anayestaafu, huongezwa soda na biskuti. Tunda ni nadra kuonekana. Na likionekana, huwa ni vipande vichache vya tikiti vilivyokusudiwa wageni wa meza kuu.

Rai yetu ni nyepesi kuisema, ijapokuwa kuitenda kunataka subira: mtu aliye kazini hula kilicho karibu naye, hata kama alipotoka nyumbani alinuia kula kingine, kwa hiyo dhamana ya siha yake, kwa saa zote anazomtumikia tajiri wake, imo kwa sehemu kubwa mikononi mwa yule anayepanga sinia.

Ada ilikotoka

Fikira ya kwamba mwajiri ana wajibu juu ya kinachomwingia mfanyakazi tumboni si ngeni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya silaha vya Uingereza vilipokuwa vikifanya kazi usiku na mchana, serikali ya nchi hiyo iliunda mwaka 1915 kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda hivyo, chini ya uenyekiti wa tabibu Sir George Newman. Kamati ile ilitambua jambo ambalo kila mkulima alikwisha kulijua kwa uzoefu, kwamba mtu mwenye njaa na uchovu huharibu kazi, hujiumiza, na hukosa kuja kesho yake. Ikahimiza pawepo migahawa ndani ya viwanda na nafasi za kupumzika. Katika vita vya pili, mwaka 1940, shauri hilo likageuka amri: viwanda vya silaha vyenye wafanyakazi zaidi ya 250 vingeweza kulazimishwa kisheria kufungua migahawa. Mwaka 1956 Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha Pendekezo namba 102, lihusulo huduma za ustawi wa wafanyakazi, na katika huduma hizo chakula cha kazini kimetajwa waziwazi pamoja na mapumziko na usafiri.

Huku kwetu kilichotangulia kuenea ni chai yenyewe. Mashamba makubwa ya chai ya biashara yalishika mizizi katika miaka ya 1920, Kericho upande wa Kenya, Mufindi na Rungwe upande wa Tanganyika, na kadiri chai na sukari zilivyozidi kupatikana madukani ndivyo kikombe kitamu cha asubuhi kilivyohama kutoka meza ya bwana mkubwa hadi kibanda cha mlinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi aliyefululiza kazi kwa zaidi ya saa tano haki ya kupumzika kwa dakika zisizopungua 60. Hiyo ndiyo nafasi ya chakula cha mchana. Chai ya saa nne haikutokana na kifungu hicho. Imejengwa na mazoea, na kwa kuwa imejengwa na mazoea, mazoea yanaweza kuitengeneza.

Hesabu ya vijiko

Na tuanze na sukari, maana ndiyo inayojificha kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote ambazo mwili hupata kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi kama isingefika hata nusu ya kipimo hicho. Kwa mtu mzima wa wastani, kipimo cha kwanza ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Cha pili ni gramu 25, yaani vijiko sita. Sasa mchukue karani anayekunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu: hivyo ndivyo vijiko vyake sita, na saa nne na nusu haijafika. Akishushia soda moja ya mililita 350, ambayo peke yake hubeba gramu 35 au zaidi za sukari, amekwisha kukivuka kipimo kikubwa cha siku nzima kabla ya adhuhuri, ilhali ukimuuliza atakuapia kwamba yeye si mtu wa vitu vitamu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa mbele ya macho ya watu wote pasipo mtu kukiona.

Andazi nalo lina kisa chake. Ni unga mweupe uliokobolewa, sukari na mafuta, na tumbo huumeng'enya wanga wake kwa upesi. Sukari hupanda katika damu, mwili ukatoa insulini ili kuirudisha chini, na kwa watu wengi saa moja na nusu haipiti kabla ya njaa kurejea, ikifuatana na ule uzito wa kope unaofanya hesabu za saa tano na nusu zirudiwe mara mbili. Chakula chenye nyuzinyuzi, protini au mafuta ya asili, kama vile karanga, yai, maharage au kiazi kitamu kilicholiwa na maganda yake, hutoka tumboni taratibu, na shibe yake hudumu. Tena liko suala la mafuta ya karai: yanapotumiwa leo, yakachujwa, yakatumiwa kesho na keshokutwa mpaka yakageuka rangi na kutoa povu, huzalisha vitu vinavyodhuru mwili, na hakuna mlaji awezaye kutambua kwa kulitazama andazi kwamba lilikaangwa katika mafuta ya siku ya ngapi.

Jambo la tatu ni dogo kwa sura lakini zito kwa wanawake. Chai inywewayo pamoja na chakula hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hufyonza kutoka katika mboga, nafaka na kunde. Vitamini C, iliyojaa katika chungwa, pera, embe na papai, hufanya kinyume chake, ikasaidia madini hayo yaingie. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu za upungufu huo ni nyingi, malaria na minyoo miongoni mwake, na si haki kuitwika chai lawama yote. Walakini mwanamke anayekula chungwa pamoja na kitafunio chake, akaiacha chai mpaka saa moja baadaye, ameisaidia damu yake pasipo kutoa senti moja ya ziada.

Hesabu hizi zingekuwa za kuchosha tu lau zisingekuwa na mwisho unaoonekana. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Tanzania mwaka 2012, kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, kadiri hiyohiyo walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na asilimia tisa walikuwa na kisukari. Katika uchunguzi huohuo, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kadiri inayoshauriwa, ambayo ni angalau gramu 400 kwa siku. Umri huo wa miaka 25 hadi 64 ndio umri wa kazi. Maana yake ni kwamba mhasibu mzoefu, fundi mahiri na mwalimu mwenye miaka 20 darasani ndio wanaopungukiwa na afya, na ofisi huja kuyajua hayo kwa njia ya ruhusa za hospitali, malipo ya bima, na kiti kitupu.

Vilivyopo karibu

Anaposikia habari za chakula cha siha, msomaji wa mjini huenda akafikiri juu ya vijaluba vya bei kubwa vilivyotoka ng'ambo, vyenye picha ya mlima na shayiri. Hakuna haja hiyo. Ndizi kisukari huuzwa kila kona. Machungwa ya Muheza, maparachichi ya Njombe na Rungwe, korosho za Mtwara na Lindi, tende zinazoletwa na majahazi na meli kutoka Oman na Ghuba tangu zamani za mababu, vyote ni vyakula ambavyo mkono huvichukua, mdomo huvitafuna, na kazi ikaendelea. Pera, tunda ambalo watoto huliparamia mtini bila ya kulilipia, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Gramu 100 za karanga zina protini takriban gramu 26, na za korosho gramu 18. Konzi moja ya gramu 30 inatosha kumfikisha mtu saa saba. Yai moja la kuchemsha lina protini kama gramu sita na halihitaji sahani. Ulezi huzipita nafaka zenzake kwa wingi wa kalsiamu, na uji wake, ukitiwa maziwa na ukasamehewa sukari nyingi, ni kifungua kinywa kamili kwa mtu aliyetoka kwake saa kumi na moja. Mtindi nao hauna haja ya kusifiwa.

Viko pia vile vyakula vya kuchemsha: mihogo, viazi vitamu, magimbi, mahindi mabichi. Wazee wetu walivila asubuhi na chai ya rangi, na wengi wao walifika ukongweni na meno yao. Kilichoviondoa katika sinia la ofisi si ladha wala bei, maana bei yake ni ndogo na ladha yake hakuna aisahauye. Kilichoviondoa ni haya. Karani wa kwanza aliyevaa tai alitaka aonekane amekwisha kutoka shamba. Mkate, andazi na keki vilikuwa alama ya mjini, na muhogo ulikuwa alama ya alikotoka. Haya hiyo imerithiwa hata na wajukuu ambao hawajapata kushika jembe. Wapo watu ambao nyumbani kwao, siku ya Jumapili, hula kiazi kitamu kwa furaha, lakini Jumatatu kikiletwa ofisini mbele ya wageni huona wameaibishwa. Hapa ndipo mkubwa wa kazi anapoweza kutenda lisilowezwa na mabango ya ukutani: siku atakapokaa katika mkutano wa bodi, akamenya kiazi kwa vidole vyake mwenyewe na kula bila ya kujieleza, haya ya ofisi nzima itakuwa imepata pigo kubwa.

Hata hivyo si kila kilichotoka shambani ni salama, na hapa hatuna budi kusema bila ya kupaka mafuta. Karanga na mahindi vilivyohifadhiwa vikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo, kwa njia ya mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi. Basi mnunuzi wa ofisi na anunue karanga kwa muuzaji anayejulikana, azichambue kabla hazijakaangwa, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo azitupe, wala asione israfu. Kadhalika ajihadhari na vitu vinavyovaa kilemba cha afya visivyostahili: ubuyu uliotiwa rangi na sukari ni peremende, kashata ni sukari iliyopata nazi au karanga, juisi ya pakiti mara nyingi ni ndugu wa soda, na korosho zilizokolea chumvi humsogeza mtu kwenye mpaka wa gramu tano za chumvi ambazo hatakiwi kuzivuka kwa siku nzima. Tende ni njema, lakini tatu zinatosha.

Mambo ya mpangilio

Sasa tuseme chakula kimepatikana. Bado kuna fumbo: kwa nini mahali pengine matunda huoza katika bakuli huku maandazi yakigombewa? Jawabu limetafutwa na watu wenye nafasi ya kulitafuta. Kampuni ya Google, ambayo huwapa wafanyakazi wake chakula bure, ilifanya jaribio katika ofisi yake ya New York, yenye watu wapatao 2,000. Peremende za chokoleti ziitwazo M&M's, zilizokuwa zikikaa ndani ya vyombo vya kioo, zikahamishiwa katika vyombo visivyoonyesha kilichomo ndani, na mahali palipo wazi zikawekwa tini kavu, pistachio na vitafunio vingine vya siha. Hakuna aliyekatazwa kitu. Habari zilizotolewa mwaka 2013 zilisema kwamba katika muda wa wiki saba ofisi ile ilikula kalori milioni 3.1 pungufu kutokana na peremende hizo. Uchunguzi mwingine katika kampuni hiyohiyo ulionyesha kwamba watu walionywea kahawa mahali palipokuwa mita mbili tu kutoka kwenye vitafunio walichukua vitafunio mara nyingi zaidi kuliko walionywea mahali palipokuwa mita tano. Tofauti ya hatua nne ilibadili tabia za watu waliosoma sana.

Katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walichukua njia ya rangi. Tangu mwaka 2010 vyakula vya mgahawa wa hospitali hiyo viliwekewa alama: kijani kwa vinavyofaa kila siku, njano kwa vya kiasi, nyekundu kwa vya nadra, kisha vya kijani vikasogezwa mbele, usawa wa macho. Baada ya miaka miwili, mauzo ya vyenye alama nyekundu yalishuka kutoka asilimia 24 hadi 20, na ya kijani yakapanda kutoka 41 hadi 46. Si mapinduzi, lakini ni mabadiliko yaliyodumu, tena bila ya hotuba.

Mafunzo haya hayahitaji fedha za Google. Jambo la kwanza liwezalo kufanywa kesho, na ambalo badala ya kugharimu litapunguza gharama, ni kuiacha chai ichemshwe bila sukari, sukari ikawekwa mezani na kijiko kidogo, ili kila mtu ajipimie na ajue anachojipimia. La pili ni kulitanguliza bakuli la matunda mwanzo wa meza, matunda yakiwa yamekwisha kuoshwa na yanayohitaji kukatwa yamekwisha kukatwa, kwa maana papai zima halina mlaji ofisini, na papai lililokatwa halibaki. La tatu ni kuweka maji safi ya kunywa karibu kuliko soda. La nne ni kuongeza kabla ya kupunguza: sinia la maandazi lisiondolewe kwa ghafla, bali lifanywe dogo wiki kwa wiki, hata likabaki kuwa la Ijumaa.

Kwa ofisi ya watu 20, mfano wa wiki unaweza kuwa huu. Jumatatu, ndizi moja kwa kila mtu na karanga gramu 600 za kugawana. Jumanne, viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya tangawizi. Jumatano, papai na mayai. Alhamisi, uji wa ulezi na mtindi. Ijumaa, andazi dogo na chungwa. Mhasibu na alinganishe gharama ya orodha hii, kwa bei za soko lililo karibu naye, na hesabu ya mwezi ya soda, biskuti, sukari na maandazi. Na palipo na msimu wa maembe au mananasi, orodha ifuate msimu, kwani tunda la msimu ndilo la bei nafuu na ndilo tamu.

Mama lishe na insafu

Katika mashauri ya namna hii yuko mtu mmoja asahauliwaye, naye ni mama lishe anayeleta sinia. Yeye hapiki maandazi kwa kuwa hajui mengine. Hupika maandazi kwa kuwa hayaharibiki mpaka jioni, huhesabika moja moja, na yasiyouzwa ofisini hununuliwa kituo cha basi. Lakini papai alilolikata saa tatu, lisipopata mlaji, saa nane ni hasara yake. Mwajiri anayetaka matunda kwa hiyo hana budi kubeba sehemu ya hatari hiyo: amwagize kwa idadi inayojulikana, amlipe kwa wiki na si kwa mkopo wa mwezi usioisha, ampe nafasi katika jokofu, maji ya bomba na vyombo vyenye vifuniko, na amwekee ubao na kisu vya matunda peke yake ambavyo havigusi nyama. Kumwacha mama aliyeilisha ofisi kwa miaka mingi ili apewe zabuni mwenye gari la kupendeza si afya, ni dhuluma iliyopakwa rangi ya afya.

Insafu inatudai jambo jingine. Mahali pengi chai ya saa nne huishia ghorofa ya kwanza. Mlinzi wa getini aliyekesha, dereva aliyetumwa bandarini, mfagizi aliyeajiriwa na kampuni nyingine na mpagazi wa ghalani hawamo katika hesabu ya vikombe, ingawa miili yao ndiyo inayofanya kazi nzito zaidi. Sinia la siha lisilofika getini ni pambo. Vilevile, katika mwezi wa Ramadhani, fungu la waliofunga lisiliwe na wasiofunga. Tende na matunda yao yafungwe vizuri waende nayo kufuturia. Mwenye kisukari apate kitafunio chake bila ya kulazimika kueleza maradhi yake mbele ya watu, na mwenye kudhuriwa na karanga aulizwe mapema.

Wala mtu asigeuze jambo hili kuwa upelelezi. Zipo ofisi ambamo, mara tu neno afya lilipoingia, watu walianza kutazamana matumbo na kutaniana vibaya. Mwajiri ana haki ya kupanga meza; hana haki ya kumkagua mtu mwili wake, wala kumuuliza kwa nini amechukua andazi la pili. Tena kitafunio, hata kiwe bora namna gani, hakilipi deni la mshahara mdogo, hakirudishi saa ya mchana iliyoporwa, wala hakiponyi uchovu wa mtu anayefanya kazi za watu wawili. Bakuli la ndizi mbele ya mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi miwili ni kejeli. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipotoa mwaka 2005 kitabu kizima juu ya chakula kazini, lilikiweka chakula hicho pamoja na usalama na ujira, kama sehemu ya kazi yenye staha, na hapo ndipo mahali pake.

Wenye ofisi ndogo watasema hawana uwezo. Watu watano wanaochangishana fedha ya chai, kama wafanyavyo wengi, wanao uwezo wa kuamua kwamba nusu ya mchango huo inunue matunda na karanga. Hawahitaji idhini ya mtu. Wenye ofisi kubwa hawana udhuru huo. Kwa hiyo shauri letu la mwisho linakwenda kwa vyama vya wafanyakazi: mtakapokaa tena na waajiri kuandika mkataba wa hali bora za kazi, chai ya saa nne itajwe kwa jina, pamoja na matunda, maji safi, muda wa kuinywa, na haki ya mlinzi na mfagizi kuipata. Na waajiri wasikipinge kifungu hicho kwa kudhani kwamba wanaombwa fadhila, maana fedha ya sinia wanaitoa tayari kila mwezi. Wanachoombwa ni kuitumia kwa busara zaidi.